Kima ya Bata Mzinga yenye Ukali na Utamu: Nyama Ipi, Utamu Upi, Pilipili Ipi

Katika maduka makubwa ya Marekani na Kanada, bata mzinga mzima hujaa kwenye majokofu majira ya Sikukuu ya Shukrani, lakini nyama yake ya kusaga huuzwa mwaka mzima, ikiwa imepangwa pembeni ya kima ya ng'ombe na ya kuku, na mara nyingi kwa bei iliyo chini ya ile ya ng'ombe. Mpishi aliyelelewa na mchuzi wa kima wa nyumbani huichukua kwa sababu ya bei hiyo, au kwa sababu ameshauriwa kupunguza mafuta, kisha huipika vilevile alivyozoea kupika ng'ombe na kuishia na chakula kikavu kisicho na ladha. Tatizo si la ndege. Nyama ya bata mzinga ni pole, haina ule uzito wa ladha ambao ng'ombe huja nao kutoka buchani, na kwa hiyo hutegemea ladha inayotiwa na mpishi. Na kati ya ladha zote inazoweza kutiwa, sijaona inayoifaa kama ukali na utamu vikiwa pamoja, vikisindikizwa na uchachu kidogo.

Ulinganisho huu unamhusu mtu anayetaka kuandaa mlo huo nyumbani jioni ya siku ya kazi, kwa kikaango kimoja na ratili moja ya nyama, yaani gramu 454, kiasi ambacho hutosha watu wanne wakila na wali. Yapo maamuzi matatu: nyama iwe na mafuta kiasi gani, utamu utoke wapi, na ukali utoke wapi. Maoni yangu ni kwamba uamuzi wa kwanza una uzito kuliko watu wanavyoudhania, na kwamba katika ule wa pili na wa tatu jambo la kuangaliwa kabla ya yote ni kama utamu na ukali vinakuja vimeshachanganywa katika chupa moja au kila kimoja kinakuja peke yake. Jambo hilo ndilo litakaloamua kama watoto watakula, kama mwenye presha atakula, na kama ladha ikikosewa kidogo itaweza kurekebishwa.

Asilimia 99, 93 au 85

Lebo ya kima ya bata mzinga huwa na namba mbili, ya kwanza ikiwa ni asilimia ya nyama isiyo na mafuta na ya pili ikiwa ni asilimia ya mafuta. Ile ya 99 husagwa kutokana na kifua kisicho na ngozi. Ile ya 93 huchanganya nyama nyeupe na nyeusi, na ile ya 85 huwa na sehemu kubwa zaidi ya paja, ngozi na mafuta. Ukizigeuza asilimia hizo kuwa gramu, tofauti inaonekana waziwazi: ratili moja ya 99 ina takriban gramu 5 za mafuta, ya 93 ina gramu 32, na ya 85 ina gramu 68, wakati ratili ya kima ya ng'ombe ya asilimia 80, ambayo ndiyo wengi hununua, ina gramu 91.

Ukifungua pakiti ya 99 utaitambua kabla hata ya kuiweka jikoni: rangi yake ni waridi iliyopauka, majimaji yanang'aa pembeni, na nyuzi zake zimelala zimeshikana kama tambi zilizopoa. Ikigusa kikaango hushika chini mara moja, kisha hutoa maji na kuchemka ndani ya maji hayo badala ya kukaangika, na maji yakishakauka hubaki punje ndogo ngumu ambazo hata rojo zuri haliwezi kuzilainisha. Ili ipikike vizuri, mpishi hulazimika kuongeza takriban vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia, ambavyo ni gramu 27 hivi, na hapo hesabu inarudi palepale kwenye gramu 32 za pakiti ya 93. Ni kweli kwamba mafuta ya mimea si sawa na mafuta ya ndege, na aliyeshauriwa na daktari kupunguza mafuta ya wanyama ana sababu nzuri ya kufanya mabadilishano hayo. Lakini anayenunua 99 akidhani atakula mafuta kidogo, kisha akamimina mafuta kwenye kikaango bila kupima, hajapunguza kitu.

Ile ya 85 ina kasoro ya upande wa pili. Ladha yake ni nzuri na haikauki kwa urahisi, ila mafuta yake huyeyuka na kuelea, na rojo lenye asali au sukari likitiwa juu yake hukataa kushikamana na nyama, hivyo sahani huwa na utelezi mtamu unaokinaisha upesi. Ni lazima mafuta hayo yapunguzwe, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kemikali inayoipa pilipili ukali wake, kapsaisini, huyeyuka katika mafuta na karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Mpishi aliyekaanga pilipili pamoja na nyama tangu mwanzo, kisha akamwaga mafuta, amemwaga sehemu kubwa ya ukali alioutafuta. Anayechagua 85 basi akaange nyama peke yake kwanza, achote mafuta yaliyozidi, halafu ndipo atie pilipili.

Kwa mlo huu ningechagua 93 pasipo kusita. Mafuta yake yanatosha kuibeba pilipili na kuizuia nyama isikauke, na hayafiki kiasi cha kulitenganisha rojo. Kima ya kuku inaweza kuchukua nafasi yake bila kubadilisha vipimo, ingawa ni laini zaidi na hushikana madonge. Kima ya ng'ombe sioni sababu ya kuitumia hapa, kwa sababu ladha yake yenyewe hushindana na utamu, na mtu hulazimika kuongeza sukari ili usikike.

Utamu na ukali katika chupa moja, au mbalimbali

Njia ya kwanza, ambayo imeenea sana katika majiko ya Marekani, ni ya gochujang, yaani lahamu nyekundu ya Kikorea, nzito kama nyanya ya kopo, inayotengenezwa kwa unga wa pilipili, mchele wa kunata, soya iliyochachishwa na chumvi. Kwa ratili moja ya nyama huchanganywa vijiko viwili vya chakula vya gochujang, kimoja cha asali, kimoja na nusu cha sosi ya soya, kijiko cha chai cha siki ya mchele, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, na matone ya mafuta ya ufuta mwishoni. Faida yake ni kwamba uchachishaji umeshafanya kazi ambayo mpishi angeifanya kwa muda mrefu jikoni: lahamu hiyo ina ladha nzito, iliyokomaa, na ndiyo hasa inayokosekana katika nyama ya bata mzinga. Ndani ya dakika 20 chakula kiko mezani na kina kina cha kuridhisha.

Hasara zake ni tatu. Kwanza, ukali, utamu na chumvi vimo ndani ya lahamu hiyo hiyo, kwa hiyo huwezi kuongeza kimoja bila kuongeza vyote. Anayetaka ukali zaidi hupata na chumvi zaidi. Pili, chumvi yenyewe ni nyingi, kwa kuwa kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina karibu miligramu 900 za sodiamu, na gochujang huongeza yake juu ya hiyo, ilhali mwongozo wa lishe wa Marekani unamshauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,300 kwa siku nzima. Tatu, na hili linamhusu msomaji Mwislamu, makopo mengi ya gochujang hutiwa pombe kidogo ili isiharibike, na jambo hilo huandikwa kwa herufi ndogo katika orodha ya viambato. Zipo aina zenye alama ya halali, kwa hiyo ni suala la kusoma kopo kabla ya kulilipia. Asiyekula ngano naye asome, kwa sababu ngano na shayiri huonekana mara nyingi katika lahamu hiyo na katika sosi ya soya.

Njia ya pili ni ya sosi tamu ya pilipili yenye asili ya Thailand, ile nyepesi inayopenyeza mwanga, yenye vipande vyekundu vya pilipili vinavyoelea. Watu wa Thailand wenyewe huitumia zaidi kuchovyea kuku wa kuchoma, lakini robo ya kikombe chake ikitiwa kwenye kima pamoja na kijiko kimoja cha sosi ya samaki, maji ya ndimu na majani mengi ya mrehani, jamaa ya ule unaotiwa kwenye kikuba kule pwani, hutoka chakula chepesi chenye harufu ya kupendeza. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Katika chupa nyingi kiambato cha kwanza ni sukari, na kwa kuwa sheria za Marekani zinataka viambato viorodheshwe kwa uzito kuanzia kilicho kingi, maana yake ni kwamba unanunua sharubati ya sukari yenye pilipili kidogo. Tangu mwaka 2020 wazalishaji wakubwa wa huko wanalazimika kuonyesha mstari wa sukari iliyoongezwa katika lebo zao, kwa hiyo ni rahisi kuthibitisha kabla ya kununua. Kinachoiokoa njia hii ni mrehani na ndimu. Bila hivyo viwili, usiitumie.

Njia ya tatu ni ya ukwaju na sukari guru, na haihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyekula chatne ya ukwaju na bajia au sambusa katika Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Ladha hii ya ukali, utamu na uchachu pamoja tunayo tangu utotoni. Kilichobaki ni kuihamisha kutoka kwenye kibakuli cha pembeni na kuitia ndani ya chakula chenyewe. Vifaa vyake vinapatikana ughaibuni kwa urahisi kuliko watu wanavyofikiri. Maduka ya Kihindi huuza ukwaju wa kubonyea na sukari guru, na maduka ya Kimeksiko huuza ukwaju pia, kwa kuwa Wameksiko huupenda katika vinywaji na peremende, pamoja na piloncillo, yaani sukari ya miwa isiyosafishwa iliyogandishwa kwa umbo la pia, ambayo ukiikwangua haina tofauti kubwa na sukari guru.

Kwa ratili moja ya nyama, loweka ukwaju kiasi cha ndimu ndogo katika nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika 15, uuminye kwa vidole mpaka nyama yake iachie kokwa, kisha uchuje. Utakaanga kitunguu maji kimoja mpaka kianze kuwa na rangi ya dhahabu, utie tangawizi na kitunguu saumu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa na kimoja cha giligilani ya unga, kijiko cha chakula cha nyanya ya kopo, na pilipili kwa kadiri ya uwezo wa walaji. Nyama ikishakaangika ndipo hutiwa maji ya ukwaju na vijiko viwili vya chakula vya sukari guru iliyokwanguliwa. Chumvi ni nusu kijiko cha chai, ambayo ni takriban miligramu 1,150 za sodiamu kwa kikaango kizima cha watu wanne, na hapo tayari njia hii imeshinda ile ya soya kwa mbali.

Lakini ushindi wake mkubwa uko katika uhuru. Ukwaju ni uchachu mtupu, sukari guru ni utamu mtupu, pilipili ni ukali mtupu, na kila kimoja kinaingia kwa mkono wake. Chakula kikiwa kichachu mno, unaongeza sukari kidogo bila kugusa ukali. Kikiwa kitamu mno, unaongeza ukwaju bila kugusa chumvi. Anayetakiwa kupunguza sukari anaweza kupunguza ukwaju na sukari kwa pamoja na bado akapata ladha iliyo sawa, ila nyepesi. Hakuna chupa inayotoa nafasi hiyo. Gharama yake ni muda, kama dakika 15 za ziada za kuloweka na kukaanga kitunguu, na gharama hiyo naiona ndogo, hasa kwa kuwa ukwaju uliochujwa hukaa kwenye jokofu siku kadhaa na unaweza kuandaliwa mwisho wa wiki.

Kuhusu aina ya utamu, kuna mambo mawili ya kuzingatia bila kujali njia iliyochaguliwa. La kwanza ni kuungua. Asali ina fruktosi nyingi, na fruktosi huanza kugeuka karameli kwenye joto la takriban nyuzi 110 za Selsiasi, wakati sukari ya kawaida ya miwa hungoja mpaka karibu nyuzi 160. Ndiyo maana asali ikitiwa mapema kwenye kikaango cha moto hugeuka nyeusi na chungu huku mpishi akiendelea kukatakata vitunguu vya kupambia, na ndiyo maana sukari guru humsamehe zaidi mpishi mwenye kazi nyingi mikononi. La pili ni dhana kwamba sukari guru au asali si sukari. Sukari guru ina ladha nzuri zaidi, yenye harufu ya muwa na uchungu mdogo wa mbali, na hiyo ni sababu tosha ya kuitumia, lakini kwa mwenye kisukari inahesabiwa kama sukari nyingine yoyote. Asali nayo asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imepikwa ndani ya chakula. Sharubati ya mepo (maple), ambayo walio Quebec wanaipata kirahisi, hufaa badala ya asali katika njia ya kwanza. Katika njia ya ukwaju harufu yake haipatani na bizari.

Kwa upande wa ukali, mtu aliyezoea pilipili mbuzi atapata habanero katika maduka mengi ya huko, na tofauti yake ni ndogo. Kwenye maduka ya watu wa Karibiani atapata jamaa yake wa karibu zaidi, anayefanana na ya kwetu kwa umbo na harufu. Kwa kipimo kilichobuniwa na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, habanero hufikia kati ya 100,000 na 350,000, wakati halapenyo, ambayo ndiyo pilipili ya kawaida ya dukani Marekani, iko kati ya 2,500 na 8,000. Namba hizo zinaeleza kwa nini nusu ya habanero hutosha kikaango kizima, na kwa nini halapenyo mbili bado huacha mlo ukiwa mpole. Hata hivyo, sababu yangu ya kuchagua habanero ni harufu. Ina harufu ya tunda, inayokaribia ya embe au tunda la aprikoti lililoiva, na harufu hiyo hupatana na ukwaju na sukari guru kwa namna ambayo halapenyo, yenye ladha ya majani mabichi, haiwezi. Asiyetaka ukali mwingi aitoe ile ngozi nyeupe ya ndani inayoshika mbegu, kwa kuwa kapsaisini nyingi imo humo, na abaki na nyama ya nje yenye harufu. Anayeishi katika nyumba ya ghorofa yenye madirisha madogo asiikaange habanero katika mafuta makavu ya moto. Aitie kitunguu kikiwa bado kina unyevu, kwa sababu mvuke wake hukohoza nyumba nzima.

Kwenye kikaango

Njia zote tatu hukutana hapa, na kosa linaloziharibu ni lile lile: kutia rojo kabla nyama haijakaangika. Tumia kikaango kipana, cha sentimita 30 ikiwezekana, kipate moto kwanza, kisha tandaza nyama kama karatasi moja na uiache bila kuigusa kwa dakika tatu au nne. Mwiko unaokorogakoroga tangu mwanzo huifanya nyama itoe maji na kupauka. Upande wa chini ukishakuwa na rangi ya kahawia, ndipo igeuzwe na kuvunjwavunjwa, na ndipo punje zake zitakuwa na ukoko unaoweza kushika rojo. Kama kikaango ni kidogo, nyama ipikwe kwa mafungu mawili. Chumvi nayo isikandiwe kwenye nyama mbichi, kwa sababu huifunga na kuifanya idundike mdomoni kama soseji. Inyunyizwe ikiwa tayari iko jikoni.

Rojo likishatiwa, moto uwe wa wastani na masikio yawe kazini. Mwanzoni husikika mchemko wa maji, mapovu yakiwa madogo na ya haraka. Baada ya dakika mbili au tatu mapovu huwa makubwa, mazito na ya polepole, sauti hugeuka kutoka kwenye kuchemka kuelekea kwenye kukaangika, na ukipitisha mwiko katikati huacha njia inayoonyesha chini ya kikaango, nayo hujifunga taratibu. Hapo ndipo pa kuzima. Ukingoja dakika moja zaidi, sukari itaanza kushika chini. Ukizima kabla, rojo litakimbilia kwenye wali na kuiacha nyama tupu. Sosi tamu ya Thailand hufikia hatua hii upesi kuliko ukwaju, gochujang ikiwa katikati yake.

Kuhusu kuiva, Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka kima ya bata mzinga ifikie nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 za Farenhaiti, ambazo ni juu kidogo ya 71 zinazotakiwa kwa kima ya ng'ombe. Rangi haisaidii kuamua, na katika mlo huu inapotosha zaidi, kwa sababu soya na ukwaju huifanya nyama ionekane imeiva mapema. Kusanya nyama iwe kichuguu katikati ya kikaango, chomeka kipimajoto, usome. Pakiti mbichi haikai kwenye jokofu zaidi ya siku moja au mbili, na iliyoganda iyeyushwe ndani ya jokofu, si juu ya meza ya jikoni.

Nani achague nini

Nyumba yenye watoto wadogo ichague njia ya ukwaju, kwa sababu moja inayotosha: unaweza kupika kila kitu bila pilipili, ukachota sehemu ya watoto, kisha ukaitia habanero iliyosagwa na kukaangwa pembeni katika kijiko cha mafuta kwenye sehemu ya wakubwa. Katika njia ya gochujang ukali umo ndani ya lahamu na hauchoteki. Nyumba yenye mtu wa presha nayo ielekee huko huko. Mwanafunzi au mfanyakazi anayerudi saa mbili usiku akiwa na njaa, asiye na tatizo la chumvi, ana haki ya kuweka kopo la gochujang kwenye jokofu, kwani linakaa miezi na humtolea mlo wa heshima kwa kazi ndogo. Sosi tamu ya Thailand ningemwachia mtu ambaye tayari anayo nyumbani na ana mrehani mbichi; sioni kwa nini mtu aende dukani kwa ajili yake.

Kilicho pembeni ya sahani kinategemea njia pia. Gochujang inataka wali mweupe usiotiwa kitu, hata nazi, na matango yaliyokatwa na kutiwa siki, kwa kuwa yenyewe ina maneno mengi. Ya Thailand hupendeza ikifungwa katika majani mabichi ya saladi au ikichanganywa na tambi za mchele. Ya ukwaju ndiyo inayokubali zaidi: wali wa nazi unaituliza, chapati huifuta mpaka mwisho, na kachumbari yenye ndimu nyingi hukata utamu wake. Hata ugali unaiweza, mradi rojo liachwe jingi kidogo na pawe na mboga ya majani, sukuma wiki au mchicha, ya kuupa mlo uchungu unaohitajika. Ugali na gochujang sipendekezi. Chumvi yake hujitokeza peke yake pale penye unga usio na ladha.

Kwa chakula kinachobaki, ambacho kikae kwenye jokofu siku tatu au nne tu, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mrehani hunyauka na kuwa mweusi, na njia ya pili siku ya pili haina jambo. Gochujang hubaki kama ilivyokuwa. Ukwaju huongezeka, kwa kuwa uchachu na bizari hupata muda wa kuingia ndani ya nyama, na anayejua hilo hupika ratili mbili kwa mpigo. Nusu ya pili irudishwe jikoni bila mfuniko mpaka rojo likauke kabisa, ipozwe, itiwe kitunguu kibichi kilichokatwa vidogo na majani ya giligilani, kisha ifungwe ndani ya manda za sambusa. Zipangwe kwenye sinia bila kugusana, zigande, ndipo zitiwe mfukoni. Zitakaa kwenye friza miezi mitatu, na hukaangwa zikiwa bado zimeganda, kwa moto wa wastani, ili manda isiungue kabla ya kima kupata moto.